Korona Inapomkuta Mwenye Skleroderma: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa, Kujiuguza na Kujieleza Hospitalini

Siku ya tatu ya homa nilibana kidole kwenye kipima oksijeni, kikasoma 79. Dada yangu akashika kichwa, akatoka mbio kutafuta bajaji. Mimi huku nimekaa kitandani naongea bila kukata pumzi, kikohozi chenyewe cha kuhesabu. Nikamwita arudi. Tukachanganya maji yakawa vuguvugu, nikalowesha mikono kama dakika kumi mpaka ule weupe wa chaki ukatoka kwenye vidole, nikajikausha, nikapima tena: 95. Vidole vilikuwa na baridi tu. Mapafu hayakuwa na neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia wenzangu wenye ugonjwa huu kwamba korona kwetu ina kona zake. Kipimo cha kidole kina kona, dawa inayotolewa kila siku wodini ina kona, hata kidonge cha mafua cha duka la dawa kina kona. Madaktari na wauguzi wetu waliizoea korona wakati wa mawimbi yale makubwa. Skleroderma wengi waliisoma chuoni, wakajibu mtihani, wakaipita. Anayekutanisha magonjwa haya mawili mbele ya daktari wa zamu saa nane ya usiku ni wewe au ndugu aliyekuleta. Kazi hiyo haifanyiki vizuri ukiwa unahema. Inafanywa ukiwa mzima.

Mimi ni mgonjwa, si daktari. Ninayoandika hapa yanakuandaa kuzungumza na daktari wako, na pale ninapotaja dawa au dozi ni ili ujue cha kuuliza.

Kwa anayeuguza na hajawahi kulisikia jina hili

Skleroderma ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumshambulia mwenyewe. Mwili unatengeneza makovu mahali pasipohitaji kovu: ngozi inakaza, mishipa midogo ya damu inasinyaa, na kwa aina inayoingia ndani, makovu hayo yanafika kwenye mapafu, umio, utumbo, moyo na figo. Vidole kugeuka vyeupe au vya buluu mtu akipata baridi, ile hali iitwayo Raynaud, mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Hauambukizi, na haukuletwa na mtu.

Kirusi cha korona nacho kinapenda mapafu na kuta za mishipa ya damu, mahali palepale tulipokwisha kuumia. Hata hivyo hatuko hatarini sawasawa. Mwenye makovu ya mapafu, presha ya mishipa ya mapafu, moyo au figo zilizoguswa, umri mkubwa, au anayetumia prednisoloni (kidonge cha steroidi) miligramu 10 na zaidi kwa siku au rituksimabu (drip ya kushusha kinga), huyo ndiye wa kumwangalia kwa jicho la karibu. Mwenye ngozi iliyokaza vidoleni tu, mapafu safi na asiyetumia dawa za kushusha kinga, mara nyingi huipita korona kama jirani yake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe hakikusoma tangazo, bado kinazunguka, na siku hizi watu wengi hawapimi. Mjukuu anakuja na "mafua tu" kutoka shuleni, na nyumba nzima inakohoa.

Hatua ya 1: Jua namba zako ukiwa mzima

Namba ya siku ya ugonjwa haina maana kama hujui ya siku ya uzima. Mtu mwenye makovu ya mapafu anaweza kuishi miaka na oksijeni ya 93, akaenda sokoni na kurudi. Akifika hospitali na 93 ile ile, anaweza kulazwa bure. Mwenzake aliyezoea 98 akifika na 93, tayari ameshuka ngazi tano na pengine anaambiwa yuko salama.

Kwa hiyo chukua wiki moja, tena wiki isiyo na homa. Pima asubuhi na jioni oksijeni, mapigo ya moyo na presha, uandike kwenye daftari. Usitegemee kumbukumbu ya simu pekee, maana simu huzima siku unayoihitaji.

Namna ya kupima oksijeni ndipo wengi wanapokosea. Kaa dakika tano. Pasha mikono joto, kwa maji vuguvugu au kwapani. Ondoa rangi ya kucha, kucha za bandia, na ndugu zangu wa pwani mnisamehe, hata hina nyeusi na piko. Mwanga wa kile kidude unapita kwenye kidole, na rangi nzito inauzuia. Chagua kidole chenye joto kuliko vyote na kisicho na kidonda. Kisha usisome namba ya kwanza: subiri dakika nzima mpaka itulie. Angalia pia mapigo inayoonyesha, uyalinganishe na yale unayoyahesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Kama kidude kinasema 48 na wewe unahesabu 90, hakishiki damu, na namba ya oksijeni hapo ni ya kutupa. Kisha mbane kidole mtu mwenye afya kwa kidude hicho hicho. Kikimsomea 98, kidude hakina kosa, tatizo ni kidole chako.

Hospitali kubwa zina klipu ya sikio na kihisi cha kubandika kwenye kipaji cha uso. Kwa wenye Raynaud hivyo ndivyo vya kuaminika zaidi. Klipu ya kidole ukiibana sikioni nyumbani inaweza kukupa namba, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya sikio, kwa hiyo ichukulie kama fununu.

Kuna na jambo la pili ambalo sisi weusi tunapaswa kulijua. Vipimo hivi vina tabia ya kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulilinganisha kidude na kipimo cha damu ya ateri: kati ya wagonjwa ambao kidude kiliwapa 92 hadi 96, karibu 12 katika kila weusi 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88, kwa weupe ilikuwa karibu 4. Ukiunganisha na baridi ya vidole, kidude kinaweza kukudanganya kwenda chini na kwenda juu. Ndiyo maana naangalia mwelekeo wa siku hadi siku, na ndiyo maana pumzi yako mwenyewe haipuuzwi hata kidude kikisema 96.

Presha nayo iandike kwa makini. Kwetu presha ni mlango wa figo, na tutaurudia.

Hatua ya 2: Karatasi moja, kurasa mbili basi

Faili langu la kliniki ni nene kama mto wa kulalia. Hakuna daktari wa zamu atakayelisoma. Nilichofanya ni karatasi moja, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nakala moja kwenye mkoba, moja nyuma ya mlango wa chumba, na picha yake kwenye simu ya dada. Iandike kwa lugha ambayo hospitali yako inaandikia mafaili. Yaliyomo ni haya:

"Nina skleroderma ya ndani tangu mwaka … . Mapafu: makovu yapo/hayapo. Kipimo cha mwisho cha kupuliza: … . CT (picha ya mionzi) ya kifua: tarehe … , picha ninayo.

Nikiwa mzima, oksijeni yangu ni … na presha yangu ni … . Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ya mwisho: … .

Nina Raynaud. Kidole changu kinadanganya kipima oksijeni. Tumieni sikio, kipaji, au damu ya ateri.

Steroidi (prednisoloni, deksamethasoni) za dozi kubwa zinaweza kuleta janga la figo kwangu. Zikilazimu, pimeni presha kila siku na kreatinini mara kwa mara.

Mdomo wangu unafunguka upana wa vidole … . Kuingiza mpira wa hewa kunaweza kuwa kugumu. Mwiteni mtaalamu wa dawa za usingizi mapema.

Chakula kinanirudi kooni. Nisilazwe chali nikiwa nimelala bapa.

Dawa zangu na dozi: … . Daktari wangu: … . Ndugu wa kupigiwa: … ."

Kila mstari hapo una sababu, na sehemu kubwa ya sababu hizo iko kwenye hatua ya 8. Kile cha kusisitiza hapa ni picha za CT. Kwenye CT, korona huonyesha ukungu kwenye mapafu. Makovu yetu mapya nayo huonyesha ukungu. Daktari wa mionzi akipewa picha moja peke yake anaweza kuita makovu ya mwaka juzi nimonia ya leo, au kinyume chake. Akipewa na ile ya zamani, kazi yake inakuwa nyepesi mno. Kwa hiyo ukipiga CT, dai diski au filamu, uiweke nyumbani mahali pakavu, na siku ya kwenda hospitali ibebwe kabla ya nguo.

Hatua ya 3: Chanjo, na mpangilio wake na dawa

Nimeulizwa mara nyingi kama chanjo za korona ni salama kwetu. Zile zilizotumika kwa wingi hazina kirusi hai kinachoweza kuzaliana mwilini, na vyama vya madaktari wa baridi yabisi duniani vimezipendekeza kwa wagonjwa wa kinga kama sisi. Utapata mkono kuuma, homa ya siku moja au mbili. Kinachotutofautisha ni kwamba dawa tunazotumia zinaweza kuifanya chanjo ishike kwa udhaifu, kwa hiyo muda ni kila kitu.

Mwenye methotreksati au maikofenoleti, dawa za kushusha kinga, ugonjwa wake ukiwa umetulia, amuulize daktari kuhusu kuruka dawa wiki moja hadi mbili baada ya chanjo. Kwa methotreksati kulifanyika jaribio Uingereza: waliosimamisha wiki mbili walitengeneza kingamwili karibu mara mbili ya wale walioendelea. Kwa rituksimabu hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa inafuta kwa miezi zile seli zinazotengeneza kingamwili. Inafaa chanjo ichomwe takriban wiki nne kabla ya drip inayofuata. Ukikosa nafasi hiyo, chanja tu kuliko kukaa bila. Prednisoloni haisimamishwi kwa ajili ya chanjo. Na mwenye makovu ya mapafu yanayosonga asijiamulie kusimamisha chochote.

Kama ngozi ya bega imekaza kama ngoma na sindano haipati msuli, mwambie muuguzi achome paja la mbele kwa upande wa nje. Ni mahali halali pa sindano ya msuli, ila wengi hawalifikirii kwa mtu mzima.

Wanaoishi nawe nao wachanje, chanjo za homa ya mafua (influenza) na nimonia zikiwemo pale zinapopatikana.

Hatua ya 4: Kinga isiyochuna ngozi

Vitakasa mikono vya spirti vinakausha ngozi yetu mpaka inapasuka, na kila ufa ni mlango wa kidonda. Nyumbani tumia sabuni laini na maji vuguvugu, kausha kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta mazito mara moja. Spirti iwe ya safarini. Barakoa za kamba za masikio ni rahisi kuliko za kufunga nyuma kwa vidole visivyokunjuka. Kwenye daladala na kwenye foleni ya kliniki ndipo ninapoivaa bila aibu. Dirisha liwe wazi, lakini usikae kwenye upepo. Shuka la mabegani halina gharama.

Hatua ya 5: Homa imeingia. Pima korona, na upime na mengine

Pima siku ile ile. Kijiti cha puani kinatosha, kwa hiyo mdomo mdogo usikupe hofu. Kipimo cha haraka kikitoa hapana na dalili zinaendelea, rudia baada ya siku mbili.

Kwetu Afrika Mashariki homa haina mwenyewe. Malaria ipimwe hata kama korona imeonekana, kwa kuwa moja halimfukuzi jingine. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga ni sababu ya kutoa makohozi kupima kifua kikuu, bila kubishana. Na kama unachomwa tosilizumabu, sindano nyingine ya kushusha kinga, kumbuka kwamba dawa hiyo inaweza kufunika homa na kushusha kipimo cha uvimbe kwenye damu. Unaweza kuwa mgonjwa kweli huku karatasi ya maabara ikicheka.

Siku dalili zilipoanza iandike ukutani. Dawa za kupambana na kirusi zina dirisha la siku chache, na daktari wa kwanza atakuuliza hilo.

Hatua ya 6: Dawa zako zilezile, zipi ziendelee

Piga simu kliniki siku ya kwanza. Mwelekeo wa jumla ambao madaktari wa baridi yabisi wamekuwa wakiufuata ni huu.

Prednisoloni haikatwi ghafla. Mwili uliozoea kidonge hicho kwa majuma umelala, hautengenezi homoni yake. Ukikata, presha inaanguka na unaweza kupoteza fahamu. Ukitapika kiasi cha kutokaa nayo tumboni, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Methotreksati, maikofenoleti, azathioprini, siklofosfamidi na rituksimabu kwa kawaida husimamishwa wakati wa maambukizi, kisha daktari huzirudisha. Kwa aliyeugua kidogo, mara nyingi ni siku 7 hadi 14 baada ya dalili kwisha. Haidroksiklorokwini kwa anayeitumia huendelea. Haitibu korona, majaribio makubwa ya 2020 yalimaliza ubishi huo, lakini mwaka ule ilivyopapatikiwa madukani, wenye baridi yabisi na lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga) ndio waliobaki mikono mitupu.

Dawa za presha za jamii ya kaptoprili na enalaprili zilitiwa shaka mwanzoni kwa sababu ya namna kirusi kinavyoingia kwenye seli. Utafiti uliofuata haukuona madhara ya kuendelea nazo. Kwa mwenye figo za skleroderma, kuzikata kwa uvumi ni hatari kubwa kuliko korona. Ukiharisha au kutapika sana, hapo ongea na daktari.

Dawa za mapafu na za Raynaud, yaani nifedipini, sildenafili, bosentani na nintedanibu, huendelea, isipokuwa umepewa Paxlovid, vidonge vya kupambana na kirusi cha korona. Hapa pana shimo. Paxlovid ni dawa nzuri ikianzwa ndani ya siku tano za dalili, lakini moja ya dawa mbili zilizomo ni ritonaviri, inayoziba njia ambayo ini hutumia kuondoa dawa nyingine. Sildenafili ya presha ya mapafu haichanganywi nayo kabisa. Bosentani inatakiwa isimamishwe angalau saa 36 kabla. Nifedipini na amlodipini zinajikusanya, presha inaporomoka. Domperidoni, ambayo wengi wetu tunameza kwa ajili ya tumbo, hairuhusiwi nayo. Hivyo usikubali kufungua boksi kabla mfamasia au daktari hajapitia orodha yako yote. Kukiwa na mgongano, remdesiviri ya drip kwa siku tatu ni njia mbadala pale inapopatikana.

Kisha duka la dawa la mtaani. Vidonge na sharubati nyingi za mafua zina pseudoefedrini au fenilefrini, zinazobana mishipa ili pua ifunguke. Zinabana na ya vidole, na kwa presha yetu ni petroli. Diklofenaki na ibuprofeni zinasumbua figo na tumbo. Kwa homa na maumivu, parasetamoli kwa dozi ya kwenye boksi. Na asikuuzie mtu deksamethasoni "ya kufungua kifua". Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida, na kwetu madhara yake yana jina.

Hatua ya 7: Siku kumi za nyumbani

Chumba kimoja, mtu mmoja wa kukuuguza, wote wawili na barakoa. Oksijeni mara tatu kwa siku kwa utaratibu ule wa kupasha mikono, presha asubuhi na jioni, joto la mwili, na kiasi cha mkojo kwa kukadiria. Siku ya tano hadi ya kumi ndizo za kuwa macho. Wengi hudhani wamepona kisha pumzi hukata.

Nyanyua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa tofali, maana mto peke yake unakunja tumbo na kusukuma tindikali juu. Kula kidogo kidogo, jioni mapema. Uji mwepesi, supu, ndizi zilizopondwa, vitu vinavyoteleza. Tindikali ikipanda usiku na kuteremkia kwenye mapafu, utakohoa wiki na kuilaumu korona. Usichelewe kunywa maji, figo zinayahitaji.

Ule ushauri wa kulala kifudifudi ili mapafu yafunguke, ujaribu tu kama tumbo limetulia na mabega yanakubali. Kulala ubavu, na kubadilisha kila saa mbili, kunatosha kwa wengi wetu.

Sasa nyungu. Najua nagusa pabaya. Tanzania ya 2020 na 2021 kujifukiza kulikuwa kama swala, na mama yangu mzazi aliniletea sufuria yenye mchaichai, majani ya mwarobaini na blanketi. Mvuke hauui kirusi kilichokwisha kuingia mwilini. Na kwetu una ubaya wa ziada: vidole vyetu havisikii joto vizuri na havishiki sufuria vizuri, na ngozi iliyokaza ikiungua hupona kwa miezi. Nilimwambia, "Mama, nichemshie tu ninywe." Akanung'unika, akachuja, nikanywa ule mchaichai na tangawizi nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyangu vilipata joto, naye akapata la kufanya.

Ondoka kwenda hospitali bila kusubiri asubuhi ikiwa:

oksijeni, ukiwa umepasha mikono na kurudia, imefika 92 au chini, au imeshuka ngazi tatu na zaidi chini ya kawaida yako. Unashindwa kumaliza sentensi, au unakata pumzi kwa kutembea kwenda chooni. Kifua kinabana, unazimia, umechanganyikiwa. Presha imepita 140 kwa 90 wakati kawaida yako ni ya chini, au ya juu imepanda kwa 30 au ya chini kwa 20. Kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, mkojo umepungua.

Yale ya presha na mkojo anayekuuguza ayasome mara mbili, kwa kuwa hakuna atakayeyahusisha na korona.

Hatua ya 8: Mlango wa hospitali

Asemaye awe ndugu, wewe hifadhi pumzi. Sentensi ya kwanza: "Mgonjwa ana skleroderma, karatasi yake hii hapa, na CT ya zamani hii hapa." Usianze na historia ya 2014.

Wakitaka kubana kidole, omba sikio au kipaji. Kama havipo, omba maji vuguvugu au glavu iliyojazwa maji vuguvugu, kisha kidole. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, niliwekewa mashine ya oksijeni kwa namba ya kidole cha barafu, ikatolewa baada ya saa mbili bila maelezo.

Kisha deksamethasoni. Kwa mgonjwa wa korona anayehitaji oksijeni, miligramu 6 kwa siku hadi siku kumi ni tiba iliyothibitishwa nchini Uingereza Juni 2020 kuwa inaokoa maisha. Miligramu hizo 6 nguvu yake ni sawa na prednisoloni kama 40. Sisi tunaonywa tusivuke prednisoloni 15 kwa siku kwa sababu dozi kubwa huweza kuwasha janga la figo: presha inaruka ghafla na figo zinafunga ndani ya siku chache. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye ngozi iliyokaza mwili mpana, katika miaka minne au mitano ya mwanzo, na mwenye kingamwili za RNA polimerasi III (huonekana kwenye kipimo cha damu). Basi ufanyeje? Kama oksijeni inahitajika kweli, usiikatae deksamethasoni. Kukosa hewa kunaua kabla ya figo. Omba mambo matatu: presha ipimwe mara kadhaa kwa siku na iandikwe, kreatinini na mkojo vipimwe mara kwa mara, na kaptoprili iwepo wodini ili presha ikiruka ianzwe saa hiyo hiyo. Kama oksijeni haihitajiki, uliza kwa upole sababu ya kuipewa.

Watakuchoma heparini kuzuia damu kuganda. Ni sawa, ila sema kama uliwahi kutoka damu tumboni, kama una upungufu wa damu usiojulikana chanzo, au kama unatumia nintedanibu.

Mashine ya kupumulia ikianza kutajwa, huo ndio wakati wa ule mstari wa mdomo. Mdomo usiofunguka vidole vitatu, shingo isiyokunjuka na tumbo linalorudisha chakula humfanya mtaalamu wa usingizi aandae vifaa vingine na mtu wa pili. Akijua saa sita kabla, anajiandaa. Akijua wakati umeshapoteza fahamu, anahangaika.

Mengine madogo ambayo hayatoshi kwenye karatasi: soksi nzito na glavu za sufi, maana wodi zenye kiyoyozi ni adui, drip ipashwe joto la chumba, kitambaa laini chini ya viwiko na visigino, dawa za Raynaud zisirukwe kwa kuwa tu duka la hospitali halina, ndugu azilete kutoka nyumbani na muuguzi aziandike.

Hatua ya 9: Baada ya kutoka

Uchovu wa majuma ni wa kawaida. Pumzi kukata kunakoongezeka mwezi wa pili si wa kuvumilia, kwa kuwa huenda makovu ya mapafu yamesogea wakati wote mlikuwa mnatazama korona. Omba kipimo cha kupuliza, na CT baada ya miezi kama mitatu ikiwa nimonia ilikuwa kubwa, ilinganishwe na ya zamani. Kreatinini irudiwe ndani ya wiki mbili kama ulipewa steroidi, na presha endelea kuiandika mwezi mzima.

Uliza kwa maandishi tarehe ya kurudisha kila dawa iliyosimamishwa. Hapa wengi huanguka: korona imepita, maikofenoleti imesahaulika kabatini, na baada ya miezi mitatu ngozi inakaza upya. Mazoezi yaanze na kukaa na kusimama kwenye kiti mara tano, kesho sita. Vidole navyo vinyooshwe kila siku, kwa kuwa siku kumi za kitandani zinatosha kuvikunja.

Dada yangu amebandika namba zangu za kawaida ndani ya mlango wa kabati la vyombo, juu ya majani ya chai: 96, 110 kwa 70, mapigo 78. Chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu, "Mikono kwanza."